Hasidi Chini ya Sinki

Dalali alipotuonyesha nyumba hii ya Tabata alisimama mlangoni mwa choo, akanyoosha mkono: "Choo cha ndani, marumaru mpaka juu, sinki, kioo." Tukaona choo, marumaru, sinki na kioo. Nikalipa kodi ya miezi sita, laki mbili na nusu kwa mwezi, pigeni hesabu wenyewe maana mimi nikipiga kifua kinabana. Juu yake mwezi mmoja wa dalali, kwa kazi ya kunyoosha mkono. Tumehamia Jumamosi. Jumapili asubuhi nimekaa chooni, nimetulia, natazama mbele. Ndipo nikaliona tumbo la sinki likiwa wazi.

Sinki lenyewe limening'inia ukutani bila mguu, kama konda aliyeshika bomba la mlango na daladala limejaa. Chini yake kuna kikombe cha plastiki ambacho zamani kilikuwa cheupe. Kutoka kwenye kikombe linachomoza bomba, linakata kona, linaingia ukutani kwenye tundu ambalo fundi alilichimba kwa ajili ya bomba pamoja na paka. Pembeni kuna ule mpira wa maji safi uliosukwa nyuzi za chuma, mrefu kuliko ulivyohitajika, basi ukazungushwa mara mbili kama utumbo wa mbuzi buchani. Na kila maungio yamepakwa kitu cheupe, mabonge mabonge, utadhani fundi alikuwa anakula ugali huku anafanya kazi.

Mtasema, si bomba tu hilo? Ni bomba tu kwa anayepita. Choo chetu kimepangwa hivi: ukikaa, wewe na bomba mnatazamana uso kwa uso. Na mimi nina dakika zangu kumi za asubuhi, ndio muda pekee wa siku nzima ambao hakuna anayeniomba hela. Dakika hizo nazitumia kuangalia utumbo.

Nikampigia baba mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Naomba niweke kakabati kadogo chini ya sinki."

"Marahaba. Mkataba unasemaje?"

Mkataba unasema mpangaji hatatoboa ukuta, hatapiga msumari, hatabadili chochote bila idhini ya maandishi.

"Ndiyo hiyo idhini naiomba, mzee."

"Kwani bomba linavuja?"

"Halivuji."

"Sasa lina shida gani?"

Umwambie mtu mzima kwamba bomba lake lina sura mbaya, na yeye ndiye aliyekwenda dukani akalichagua? Huko ni kutafuta kuhama. Nikamwambia halina shida, nikamsalimia mama, nikakata simu.

Jaribio la kwanza lilikuwa ndoo. Maji ya mgawo haya, kila nyumba ina ndoo, mimi nikazipanga tatu zile za lita ishirini mbele ya sinki, kama ukuta. Bomba halionekani. Lakini na sinki nalo halifikiki. Ukitaka kunawa unainama kwa mbali kama unamsalimia chifu, maji yote yanaishia kwenye vidole vya miguu. Mama Nuru akasimama akatazama, akauliza, "Baba Nuru, unaficha ubaya kwa ndoo yenye ukoko?" Ndoo zikarudi uani.

Jaribio la pili sitaki kulizungumza sana. Nilinunua Kariakoo lile ua la plastiki linalotambaa, nikalizungusha kwenye bomba kuanzia juu hadi chini. Mchana lilipendeza. Usiku umeme ukakatika, Nuru akaingia chooni na tochi ya simu. Majirani walikuja na fimbo. Wawili walikuwa na fimbo, mmoja alikuja na mafuta ya taa, sijui alitaka kumfanya nini huyo nyoka.

Ndipo Mama Nuru akasema, "Hebu nipishe." Akafungua kabati, akatoa kanga. Alikuwa na doti imechakaa kidogo, kipande kimoja kimeshapata doa la mawese, akakikata juu kukipunguza urefu, akatia lastiki, akakishonea vile vikanda vya viatu vya watoto, vile vinavyolia kraaa ukivibandua. Upande wa pili wa vikanda tukaubandika kwa gundi kwenye ukingo wa sinki, kwa ndani. Hakuna msumari wala tundu, mkataba haujaguswa hata nukta. Pazia likashuka mpaka chini, jekundu na jeusi, pindo limenyooka. Niseme ukweli, nilikaa chooni siku hiyo bila haja yoyote.

Sasa kanga ina jina. Hii ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Na sinki letu liko kwenye kona, kwa hiyo pazia linapinda. HANA SABABU ikapinda kuelekea ukutani, huko ambako hata mende hana muda wa kusoma. HASIDI ikabaki mbele, herufi kubwa, inamwangalia aliyekaa. Mimi niliiona? Niliiona. Nilijali? Mimi nilikuwa natazama kwamba bomba halipo.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akashuka na basi la Tanga. Kaja na nazi, kaja na mihogo, kaja na furaha zake. Tumempokea, kanywa maji, kapumua, kaomba choo. Akaingia.

Akakaa huko.

Mpaka nikamwambia Mama Nuru kagonge, huenda maji yamekatika. Mama akatoka mwenyewe, taratibu, macho chini. Wali wa nazi ukaja, akasema ameshiba. Ameshiba nini, na kwenye basi hakula? Baadaye nikawasikia jikoni, mama na binti, wananong'ona Kibondei. Miaka saba ya ndoa, katika lugha hiyo nimeambulia salamu peke yake, na walichokuwa wanasema hakikuwa salamu.

Usiku Mama Nuru akaniletea taarifa. Mama kasema hivi: "Mie nimefika leo hii, hata begi sijafungua, nishaitwa hasidi. Tena chooni."

Nikataka kwenda kumweleza. Nitaanzaje? "Shikamoo mama, lile neno halikuwa lako, ni la bomba"? Mwanamke wa Tanga amekua akijua kwamba kanga haiwekwi mahali bure. Kuna watu walihama mtaa kwa sababu ya kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Umwambie eti hii ilikuwa ya kuficha mpira wa maji?

Asubuhi alitoka chumbani amejifunga kanga mpya kabisa, bado ina ile harufu ya duka. Akapita mbele yangu, akageuka dirishani ili nisome vizuri: NYUMBA NJEMA SI MLANGO. Nikasema, "Umeamkaje mama?" Akasema, "Kama unavyoniona." Siku hiyo nilifungua kabati nikamtolea Mama Nuru sindano mwenyewe. Pazia likageuzwa, maneno yakaenda kwa ndani, yakawa yanamsoma bomba.

Mama alikaa siku tisa, tukapatana kwenye siku ya nne, kwa kitoweo cha pweza kilichonigharimu kuliko sinki. Alipoondoka tu, choo kikaanza kunuka. Si harufu ya choo, hiyo tunaijua. Ilikuwa harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Nikavuta pazia, kraaa. Kumbe kile kikombe kinadondosha, tone, tone, na kanga yetu imekuwa inakunywa siku zote hizo kimya kimya, sisi tunasifia pindo.

Fundi bomba akaja, kijana mdogo, akalala chali chini ya sinki, akakifungua kikombe kwa mkono. Maji meusi yakamwagika kwenye ndoo, na ndani yake nywele, na kifuniko cha dawa ya meno nilichomlaumia Nuru kwa mwezi mzima.

"Mzee, hiki kinatunza maji makusudi," akasema. "Hayo maji ndiyo yanazuia harufu ya chemba isipande. Washa yake ya mpira imekauka, ndiyo maana inavuja. Sasa nyie mlikuwa mnaficha nini hapa?"

Washa iliuzwa bei ya andazi. Ufundi elfu kumi. Swali lake sikulijibu.

Tukafua kanga, tukaianika, ikarudi mahali pake. Na kwa bahati yangu mimi, ndiyo siku baba mwenye nyumba alipita "kuwasalimia tu". Akaomba choo. Akatoka anatabasamu, kitu ambacho sijawahi kukiona.

"Mmeremba! Choo kimekuwa kama cha hotelini."

"Asante mzee."

"Hilo pazia mkihama mnaliacha, maana limeshakuwa sehemu ya nyumba." Akavaa viatu, akasimama mlangoni, akaangalia ukuta, akaangalia dari, kama anaiona nyumba yake upya. "Nyumba yenye hadhi hii laki mbili na nusu ni kujidanganya. Tarehe mosi tutazungumza."

Juzi imekuja bahasha kwa basi kutoka Tanga. Ndani kuna kitambaa cha samawati, mita mbili, na lastiki mpya. Mama Nuru amekigeuza pande zote, amekiinua kwenye taa, amekagua hata pindo. Hakina neno lolote.

Bado hatujakitundika. Pazia la zamani tumelitoa, vikanda nimevibandua na kukwangua gundi kwa kisu, bomba liko wazi na utumbo wake wote, na kwa mkono wangu nimelipaka majivu kidogo ya jikoni. Leo ni tarehe thelathini. Mzee akishaondoka, cherehani ya jirani tumeiomba kwa tarehe mbili.