Kitabu Kimoja, Wanafunzi 120

Muhula unapoanza, mhadhiri hupeleka maktabani orodha ya vitabu vya kozi yake. Wakutubi huvitoa kwenye rafu za kawaida na kuviweka akiba nyuma ya kaunta. Kuanzia hapo, anayekitaka kitabu hukiazima kwa saa 2 au 3 na kukisomea humo humo ndani, akichelewa faini huhesabiwa kwa saa.

Wanaoulalamikia utaratibu huu waanze na hesabu. Kozi ina wanafunzi 120, nakala ni moja, muhula una wiki 14. Kikiazimwa kwa wiki 2 kwa kila mtu, watakaokipata ni 7 tu, tena wale waliowahi. Kikiwekwa akiba kwa saa 2 katika maktaba inayofunguliwa saa 12 kwa siku, watu 6 wanakishika kila siku, na baada ya siku 20 darasa zima limekigusa. Sijaona njia nyingine ya kugawana nakala moja inayoukaribia usawa huo.

Ila kinachogawanywa hapo ni muda, na muda hatuna sawa. Anayelala hatua chache kutoka maktabani hurudi mara 3 kwa siku. Anayefanya kazi mchana, au mwenye mtoto mchanga, hufika jioni akakuta kitabu kiko mikononi mwa mwingine. Kuna maktaba zinazoruhusu kitabu kitoke karibu na saa ya kufunga na kurudi asubuhi. Huyo anayefika jioni ndiye anayenufaika na ruhusa hiyo zaidi. Halafu vitabu vyenyewe havifanani. Saa 2 zinatosha kufanya maswali ya hisabati au kusoma sura moja, lakini kitabu cha falsafa kinachojenga hoja yake kwa kurasa 300 hakisomeki kwa vipande hivyo.

Lawama nyingine, kwa maoni yangu, iwaendee wahadhiri kuliko wakutubi. Orodha ya vitabu 30 ambavyo 5 tu ndivyo vitakavyotajwa darasani huvifungia 25 vilivyosalia, na msomaji wa idara nyingine aliyevihitaji hukosa. Orodha hiyo hiyo mara nyingi huletwa wiki ya nne.

Wengi husema dawa ni kupiga picha sura zinazohitajika na kuziweka mtandaoni. Hapo hakimiliki inaingia. Huko Marekani, mwaka 2008, wachapishaji 3, wakiwamo wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, waliwashtaki viongozi wa Georgia State University kwa akiba ya namna hiyo. Hukumu ya 2012 iliweka kipimo chepesi cha kinachoweza kunakiliwa bila malipo: asilimia 10 ya kitabu, au sura moja kikiwa na sura 10 au zaidi. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikakikataa kipimo hicho, ikitaka kila dondoo lipimwe peke yake. Kesi iliisha mwaka 2020. Wachapishaji nao wana hoja: kitabu cha kiada mnunuzi wake ni mwanafunzi, hakuna mwingine. Lakini mkutubi mwenye mamia ya sura mezani atazipima moja moja saa ngapi?

Kununua nakala ya kidijitali hakumalizi mambo, kwa kuwa leseni nyingi humruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Foleni inabaki ile ile, ila safari hii humwoni aliye mbele yako.