Jinja, Tuachieni Baraza

Binamu yangu wa Kisumu alinitembelea majuzi na, kama mgeni yeyote wa Jinja, hapa Uganda, akataka kwanza kuona chanzo cha Mto Nile. Tukalipa getini, tukapita kwenye sanamu ya Gandhi (sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948), tukapanda mtumbwi. Akatazama maji, akanigeukia. "Sasa maporomoko yenyewe yako wapi?"

Yako chini ya maji, ndugu yangu. Maporomoko ya Ripon, ambayo mvumbuzi Mwingereza John Speke aliyafikia mwaka 1862, yalizama baada ya Bwawa la Owen Falls kujengwa. Bwawa hilo lilifunguliwa mwaka 1954. Ukitaka kuyaona, tafuta picha za zamani.

Sisi wa Jinja tumezoea kuyatoa maporomoko yetu sadaka kwa umeme. Bujagali, pale vijana walipokuwa wakijitosa na jerikeni ya plastiki ili watalii wawatupie chochote, nako palifunikwa. Bwawa lake la megawati 250 lilizinduliwa mwaka 2012. Sitalalamika sana juu ya hilo. Bila umeme wa Owen Falls pasingekuwa na kiwanda cha nguo kilichomlipa baba yangu mshahara, na huenda nisingezaliwa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja ambako Wajaluo, Waluhya, Wasoga na watu wa West Nile waliishi ukuta kwa ukuta na kugombania bomba la maji kwa Kiswahili.

Ninacholalamikia ni hiki tunachokipoteza sasa bila kupata hata balbu moja.

Ingia Main Street. Maduka mengi yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi zama za ukoloni. Inua macho utaona jina la familia na mwaka wa ujenzi vimefinyangwa kwa saruji juu ya mlango. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza wenyewe. Viwanda vikalegea, rangi ikabanduka, mapaa yakavuja. Lakini kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pesa za kubomoa, mtaa ulibaki. Ufukara wetu ndio uliokuwa mlinzi wake. Tangu Julai 2020, Jinja ilipopewa hadhi ya jiji pamoja na Gulu, Mbarara, Mbale na mingine, pesa zimeanza kurudi, na mlinzi yule ameachishwa kazi.

Siku ile tulipotoka mtoni mvua ya ziwani ilitukamata katikati ya mtaa. Tukakimbilia baraza la duka moja kuukuu, lenye nguzo nne nene na sakafu iliyosuguliwa na miguu mpaka ikang'aa. Watu kama ishirini walikuwa wamejibanza humo: mwanafunzi na begi kichwani, mzee na gazeti, kijana wa bodaboda aliyepandisha pikipiki hadi ukutani. Pembeni mama mmoja alikuwa anashona gomesi, lile vazi refu la kina mama wa Uganda, kwa cherehani ya kukanyaga.

"Karibuni wanangu, mtalowa," akasema, akasukuma kigoda kwa mguu. Aliona pindo la suruali ya binamu limefumuka, akamwambia avute kigoda karibu na kunyoosha mguu. Akalishona kwa sindano ya mkono, suruali ikiwa mwilini.

Kisha akatuonyesha kwa mkasi ng'ambo ya barabara, kwenye uzio wa mabati. Pale lilikuwepo baraza kama lake, na fundi mwenzake aliyekaa humo miaka mingi. Jengo limebomolewa, linakuja la ghorofa na vioo. Huyo mwenzake sasa anashonea chini ya mfenesi nyuma ya soko. Mvua ikinyesha, hashoni.

Tazama majengo mapya yalivyo: kioo kinashuka mpaka kwenye njia ya miguu, na mlinzi anakuuliza unasubiri nani. Barabara yenyewe imetengenezwa vizuri, sikatai, na taa zinawaka. Lakini jua la saa saba mchana haliombi ruhusa, na ukiondoa baraza, hiyo njia ya miguu hakuna wa kuitembea.

Wala sitaki Main Street igeuzwe makumbusho. Jenga ghorofa, weka lifti, pangisha benki. Ninachotaka ni sharti moja kwenye kibali cha ujenzi: ghorofa ya chini iache baraza la futi kumi, lenye paa, lililo wazi kwa mpita njia. Na penye ukuta wa zamani ulio imara, wenye jina na mwaka, ubaki kama uso wa jengo jipya. Mwenye kiwanja atapoteza nafasi ya chini, kweli, lakini ghorofa za juu zinaweza kukaa juu ya hilo baraza.

Jioni nilichungulia simu ya binamu. Mto alikuwa ameupiga picha mbili. Zilizobaki zilikuwa za nguzo, za ule mwaka wa saruji juu ya mlango, na za mikono ya yule mama ikivuta uzi. Nimemwomba anitumie zote. Siku halmashauri itakapotuita kujadili ramani ya mji, nitakwenda nazo.