Fundi, papasa tairi kwanza!

Mafundi pancha wengine wa hapa Mwanza wanachosha. Tairi la nyuma la baiskeli linafunguliwa, tyubu inapigwa kiraka, inarudishwa, toa hela. Ndani ya tairi hakuna aliyepapasa. Unazibiwa Mkuyuni, Mkolani hufiki, upepo umeisha!

Tundu likiwa upande wa nje wa tyubu, huenda msumari au waya bado umo tairini. Likiwa upande wa ndani, unaolalia rimu, mchawi ni spoku: ncha imechomoza juu ya nati yake, au ule utepe wa mpira unaozifunika umehama. Piga tupa ncha, rudisha utepe. Na jamani, bisibisi ya kufungulia tairi ya nini? Inabana tyubu, inatoboa upya. Tia upepo kidogo tyubu ikae duara, ndipo uiingize.