Diski ya Filamu Isihukumiwe kwa Kung'aa

Kwa mtu aliyekulia chini ya Mlima Meru, filamu ya Hatari! ni kipimo kizuri cha jinsi studio zinavyotuletea filamu za zamani nyumbani. Mwongozaji Howard Hawks aliipiga Tanganyika muda mfupi kabla ya Uhuru, ikatoka mwaka 1962, na kambi ya wakamataji wanyama inayoonekana humo ilikuwa Momella, eneo ambalo baadaye Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, alirudi kununua shamba. Mpigapicha wake, Russell Harlan, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Kwa hiyo tunapobishana hapa mjini kuhusu kopi ipi ya filamu hii ina picha nzuri, tunayo faida ambayo mhakiki aliyeko Los Angeles hana, kwa kuwa mlima, vumbi na jua lile tunavifahamu. Kinachonisikitisha ni kwamba faida hiyo hatuitumii. Tunahukumu kwa mng'ao: picha ikiwa angavu, rangi zikiwa kali na nyuso zikiwa laini, tunasema kopi hii ndiyo yenyewe. Mimi naona swali la kwanza linapaswa kuwa jingine kabisa, nalo ni kama kilichoko kwenye skrini kinafanana na kile mpigapicha alichokiweka kwenye filamu.

Tuanze na kopi zenyewe, kwa sababu ubishi mwingi huanzia hapo. Wengi wetu hatununui diski orijino. Tunakwenda na flashi kwenye duka la muvi, tunachagua kwenye kompyuta, tunawekewa na kulipa. Nilipoulizia Hatari! kwenye duka moja, kijana aliyekuwepo alinijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Hiyo ipo, tena ni Blu-ray kabisa, 1080." Jina la faili lilisema hivyo hivyo, kwamba limetoka kwenye Blu-ray, yaani diski yenye picha kali kuliko DVD. Ukubwa wake, hata hivyo, ulikuwa giga moja na kidogo, na filamu yenyewe ina dakika 157. Ukigawanya, unapata takriban megabiti moja ya data kwa kila sekunde (biti nane hufanya baiti moja). DVD ya kawaida, ambayo katika mfumo wa runinga wa PAL ina mistari 576 tu, inaruhusiwa kufika karibu megabiti 10 kwa sekunde, na Blu-ray inaruhusiwa kufika 40 kwa picha peke yake. Ni kweli kwamba mbinu za siku hizi za kubana picha ni stadi kuliko MPEG-2 ya DVD, lakini si kwa kiasi cha kuziba pengo hilo. Namba 1080 inahesabu mistari ya nukta za picha tu, wala haisemi nukta hizo zimepewa data kiasi gani.

Upungufu huo hautauona wahusika wanapokaa mezani wakizungumza. Utauona kwenye vumbi. Kubana picha kunategemea ukweli kwamba sehemu kubwa ya fremu moja inafanana na fremu iliyotangulia, hivyo programu huhifadhi mabadiliko peke yake na kurudia yaliyobaki. Vumbi haliipi programu nafasi hiyo, kwa sababu kila chembe yake imeshahama kabla ya fremu inayofuata. Katika tukio la mwanzo, gari linapomfukuza kifaru uwandani, faili nililouziwa lilikuwa na miraba midogo ya rangi ya udongo ambayo ilirukaruka badala ya kutawanyika, na kila mnyama alipoingia ndani ya wingu hilo ukingo wa mgongo wake ulikatika vipande kama ngazi. Anga nalo, ambalo linapaswa kufifia taratibu kutoka bluu hadi karibu nyeupe pale linapokutana na upeo, lilikuwa limegawanyika matabaka unayoweza kuyahesabu. Kwenye diski ya Blu-ray ambayo shemeji yangu aliniletea kutoka Ujerumani, vumbi lile lina uzito wake karibu na matairi na wepesi wake kwa juu, na kifaru anatoweka ndani yake akiwa bado kifaru. Runinga ni ile ile na jina la faili lilidai ubora ule ule.

Hapo ndipo wageni wangu huleta lalamiko lao: mbona hii orijino ina mchangamchanga? Wanachokiona ni chembechembe za filamu, na naomba tusizihesabu kuwa uchafu. Filamu ya milimita 35 haikuwa na nukta zilizopangwa safu kwa safu. Ilikuwa na chembe za misombo ya madini ya fedha zinazobadilika zikipigwa na mwanga, na katika filamu ya rangi, baada ya kusafishwa maabara, hubaki vijiwingu vya rangi mahali chembe zilipokuwa. Picha nzima imejengwa kwa vijiwingu hivyo. Kuviondoa ni sawa na kuchomoa nyuzi za kitenge kwa matumaini kwamba maua yake yatabaki. Zipo programu za kompyuta zinazoviondoa, na zinapotumiwa kwa pupa huondoka pia na mikunjo ya ngozi, vinyweleo vya mikono na ufumaji wa mashati, kwa kuwa kompyuta haiwezi kutofautisha vizuri chembe ya filamu na kitundu cha ngozi. Kinachobaki ni sura za nta. Mfano unaojulikana sana ni Patton, filamu ya mwaka 1970 iliyopigwa kwa filamu pana ya milimita 65, yenye maelezo mengi kuliko filamu nyingi za wakati wake. Blu-ray yake ya mwaka 2008 ilisafishwa kiasi kwamba nyuso zikawa laini kupita ubinadamu. Wapo walioisifu kwa usafi huo, wapo walioipinga, na mwaka 2012 ikatolewa upya ikiwa imerudishiwa maelezo yake. Mimi niko upande wa walioipinga.

Mhakiki anapaswa pia kujua filamu za zamani zilitengenezwaje, la sivyo ataipa diski lawama zisizo zake. Katika filamu za enzi ya Hatari!, tukio moja lilipoyeyuka na kuingia jingine, vipande hivyo vilichapishwa upya maabara kwa mashine, na kila uchapishaji wa namna hiyo uliongeza chembe na kupunguza ukali. Ndiyo maana picha huharibika kidogo kwa sekunde chache kabla ya tukio kubadilika, kisha ghafla ikatulia tena. Vivyo hivyo kwa matukio ambayo waigizaji wamekaa kwenye gari lililosimama ndani ya studio huku mandhari ikirushwa kwenye kitambaa nyuma yao: mandhari ile ni picha ya picha, haiwezi kuwa kali kama watu walio mbele yake. Diski inayoonyesha tofauti hizo inasema kweli. (Na kwa wenye DVD za PAL: filamu ikiisha takriban dakika sita mapema msidhani imekatwa, kwani fremu 24 za sinema zinachezwa humo kwa mwendo wa 25 kwa sekunde.)

Mfano ulio kinyume kabisa ni 28 Days Later ya Danny Boyle, iliyotoka mwaka 2002. Sehemu kubwa yake ilipigwa kwa kamera ndogo za Canon XL1 zinazotumia kanda za MiniDV, yaani kwa mistari ile ile 576 ya PAL. Hakuna diski itakayoifanya iwe kali, kwa kuwa ukali huo haukuwahi kuwepo; na ukungu ule wa picha, pamoja na mitaa mitupu ya London, ndio unaoibebea filamu hiyo hofu yake. Mtu anayeipa Blu-ray yake alama tatu kwa kumi kwa sababu haina ukali amehukumu kamera, tena kamera iliyochaguliwa kwa makusudi.

Suala la rangi ndilo gumu kuliko yote, na hapa sitajifanya kwamba kipimo changu hakina makali pande zote mbili. Uaminifu kwa nani? The French Connection ya mwaka 1971 ilipotolewa kwenye Blu-ray mwaka 2009, mwongozaji mwenyewe, William Friedkin, alibadilisha rangi zake kwa makusudi, na mpigapicha wake Owen Roizman akaikana kazi hiyo hadharani. Mwaka 2012 ikatoka nyingine yenye rangi zinazokaribia zile za awali. Wapo wanaosema mwongozaji ana haki ya kufanya apendavyo na filamu yake. Ana haki hiyo, lakini anayenunua diski ya filamu ya 1971 naye ana haki ya kuiona ya 1971, na idhini ya mwongozaji iliyochapishwa kwenye kava si ushahidi kwamba picha ni ile ile.

Kwa Hatari!, jicho la mtu wa Arusha lina msaada wake. Udongo wa kuzunguka Meru ni wa volkano, na vumbi lake tunalifahamu kwa kulifuta kwenye viatu: lina kijivu na weusi, halifanani na wekundu wa mabango ya utalii. Nikiona kopi ambayo vumbi lake limegeuka rangi ya chungwa kutoka mwanzo hadi mwisho, nitauliza nani amelipaka. Hata hivyo jicho hilo liishie kwenye kuuliza. Filamu za rangi za wakati ule zilikuwa na tabia yake, hazikuonyesha rangi sawasawa na macho yetu yanavyoziona. Anayeilinganisha diski na mlima ulioko dirishani atadai Harlan asahihishwe, na kusahihishwa kwa Harlan ndiko ninakokupinga tangu mwanzo wa makala hii.

Kuna mahali pamoja ambapo nadhani sisi ni mahakimu bora kuliko wengine, napo ni kwenye nyuso nyeusi. Maabara za picha kwa miaka mingi zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizokuja kuitwa za Shirley, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitafutie nafasi yake chini kabisa ya kiwango cha mwanga. Katika Hatari! Waafrika wengi wako pembeni mwa fremu: wafanyakazi wa kambi, wasaidizi kwenye magari, watu waliosimama jua la mchana likiwapiga kutoka juu na nyuso zikiwa kivulini. Kwenye negativu, yaani filamu ya asili iliyokuwa ndani ya kamera, ikipigwa vizuri sura hizo zimo. Lakini fundi anayetayarisha diski akiamua kukaza weusi ili picha ionekane na nguvu, wale watu wanageuka mashati yanayotembea. Uhakiki mwingi wa ng'ambo unasifia weusi mzito kana kwamba ni sifa isiyo na gharama. Mimi nikiwekewa diski ya filamu yoyote iliyopigwa Afrika, huisimamisha kwenye tukio lenye watu kivulini na kutafuta macho na mashavu yao kabla ya kutazama kitu kingine. Kama mashavu hayana umbo, diski hiyo imeanguka mtihani hata kama mawingu yake yanapendeza.

Runinga yenyewe niitaje kwa kifupi. Nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye mtindo wa picha uliotengenezwa kuvutia mnunuzi chini ya taa nyingi: mwanga juu, bluu imezidi, ukali umepandishwa hadi kila kitu kina mstari mweupe pembeni, na mwendo umelainishwa mpaka filamu ya sinema inafanana na tamthilia ya saa mbili usiku. Ukihukumu diski kupitia mipangilio hiyo utakuwa unahukumu kiwanda cha runinga. Chagua mtindo wa sinema, shusha ukali, zima ulainishaji wa mwendo, na iache milia nyeusi ya juu na chini ilipo, kwani ukiikuza picha ili kuifuta unawakata watu waliowekwa pembeni na mpigapicha aliyejua anachofanya.

Kuhusu flashi, ambazo ndizo zitakazoendelea kututawala kwa sababu diski orijino ni ghali na kuipata ni shida, ushauri wangu ni kuulizia giga badala ya 1080. Kwa filamu yenye urefu wa Hatari! sichukui faili la chini ya giga nane. Muuzaji atakuambia haliingii, na pengine atakuwa anasema kweli: flashi nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi giga nne, na hiyo ni sababu mojawapo ya mafaili kubanwa mno. Mwombe aifomati kwa exFAT au NTFS baada ya kuhamisha vitu vyako, ukiwa umehakikisha kwanza kwenye kitabu cha runinga yako kwamba inausoma mfumo huo.