Sikumpiga Teke Baba Mkwe wa Watu

Jamani, kwanza nieleweke: sikumpiga teke mzee wa watu. Nilimsukuma. Kwa mguu, ndiyo. Makalioni, ndiyo. Lakini mwenyewe ndiye aliyeniambia nisukume, tena akarudia, na kwenye hiyo video mliyotumiwa sehemu hiyo imekatwa. Aliyeikata namjua, nyinyi pia mnamjua, na harusi yake mnaichangia.

Chanzo ni moka. Kazi yangu ni kusimama mapokezi hotelini hapa Fort Worth, masaa manane kwa siku, na moka zangu nyeusi zilishanipa sugu ya kidole kidogo inayotabiri mvua kuliko redio. Huku Texas mtu anavaa suti na mabuti ya kikauboi, anaingia nayo benki, kanisani, hata mahakamani, hakuna anayegeuka. Nikasema na mimi ni mkazi, kodi nalipa.

Duka silitaji, halina kosa. Mzee mmoja mwenye kofia pana alinipima mguu urefu na upana, akaniambia mambo ambayo ndiyo kwanza nayaelewa. Kwamba buti halina kamba, kinacholishika ni mgongo wa mguu, kwa hiyo pale pabane kama mkono wa mtu aliyefurahi kukuona. Kwamba kisigino kitapanda na kushuka kidogo siku za mwanzo, nikiache, soli ikilainika kitatulia. Akaligeuza: soli imeshonwa kwa uzi pembeni, na pale katikati panapobonyea vimegongelewa vijiti vya mti kwa mistari. Nilivigusa kimoja kimoja. Kiatu hicho soli ikiisha inabadilishwa, maisha yanaendelea.

Halafu nikavaa saizi yangu, nikatembea, kisigino kikacheza. Mwenzenu nimekulia Ilala. Kwetu kiatu kinachocheza kisigino ni cha kaka yako. Nikamwambia anipe nusu saizi chini. Akaniangalia. Akaniletea. Akanionyesha na yale ya mdomo wa mviringo na kisigino kifupi, ya watu wa kutembea. Mimi nikachukua yenye ncha, na kisigino kirefu kilichoingia ndani, ambacho kazi yake ni kuzuia mguu usipenye kwenye kikuku ukiwa juu ya farasi. Farasi mwenyewe namwona Stockyards tu, ule mtaa wa zamani wa soko la ng'ombe hapa Fort Worth, saa tano na nusu, akiwapitisha ng'ombe wenye pembe ndefu mbele ya watalii.

Jumamosi nikayavaa kwenda Houston kupeleka barua ya posa. Ndiyo, mshenga ni mimi. Masaa manne barabarani, miguu imeumuka kama maandazi. Nashuka, nakatiza bustani yao iliyonyeshewa, hodi, shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Natazama chini: makubazi, ndala, viatu vya watoto, vyote vimepangwa mlangoni. Watu wa Tanga hawa. Zulia jeupe.

Nikainama, nikavuta la kulia. Lililosogea ni mimi. Nikajaribu la kushoto. Kimya. Ndani wazee wamekaa wanasubiri barua, na barua iko mfukoni inakunjika. Nikakaa kizingitini. Shangazi mtu akaja na poda ya mtoto, akanyunyiza humo ndani kama anaungia mchuzi. Hakuna.

Ndipo baba mtu akatoka. Kanzu nyeupe pee. Akasema yuko Texas miaka mingi, hili analijua, ni kazi ya dakika moja. Akanigeuzia mgongo, akaipandisha kanzu magotini, akaupitisha mguu wangu wa kulia katikati ya miguu yake, akalikamata buti kisiginoni kwa mikono miwili. Kisha, bila kugeuka: "Sasa mguu mwingine uweke hapa nyuma yangu, usukume."

Hapo naomba tukae wote kidogo. Mbele yangu ni makalio ya mtu ninayekuja kumwomba binti. Pembeni shangazi ameshika poda. Kichwani nina maneno ya heshima niliyokuwa nayakariri njiani tangu mji wa Corsicana.

"Baba, siwezi."

"Sukuma, kijana."

"Baba..."

"Nimesema sukuma!"

Nikasukuma.

Ulitoka mlio kama wa kizibo. Buti likatoka, mzee naye akatoka. Alikwenda hatua nne za haraka amelikumbatia kama mtu aliyekamata kuku wa jirani, akasimamishwa na kabati la vyombo. Vikombe vilisemezana, havikuvunjika. Mimi nimelala chali barazani, soksi ina tundu, kidole gumba kinaangalia mbingu. Ng'ambo ya barabara nikasikia kicheko ndani ya gari. Bwana harusi mtarajiwa, ambaye kimila hakutakiwa hata kuonekana mtaa ule.

Mzee akageuka kwenda kuwaonyesha wenzake buti, na hapo ndipo nilipoiona kanzu. Udongo wa bustani, soli mpya, kila kitu kimechapika: unyayo wenye ncha juu, halafu nafasi, halafu kisigino kidogo peke yake chini. Alama ya mshangao. Kubwa. Mahali pale pale.

Hakuna aliyemwambia. Alizunguka nayo jioni nzima akigawa kahawa na halua, na kila akitupa mgongo, mtu mmoja anakohoa.

La pili lilitoka, msiniulize. Barua ikasomwa, majibu yamekuja juzi, wamekubali. Mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, na chini kabisa, kwa mwandiko wa shangazi: faini ya mshenga, kanzu moja nyeupe.

Mabuti nayavaa kazini kila siku, ngozi imeshaachia na sugu imenyamaza. Nimenunua na kile kibao chenye pengo cha kuvulia, kinakaa kwenye buti la gari. Bwana harusi anasema kanzu ni juu yangu. Sawa. Anayejua saizi ya mzee anitumie inboksi, na iwe saizi kamili.