Mchezaji akikutwa na dawa, timu nayo inyang'anywe pointi?

Tarehe 16 Septemba 2015 Arsenal walienda Zagreb wakapigwa 2-1 na Dinamo, mechi ya kwanza ya makundi ya Champions League. Miezi miwili baadae UEFA, wasimamizi wa soka Ulaya, wakatangaza kwamba kiungo wa Dinamo, Arijan Ademi, alipimwa baada ya mechi ile na mkojo wake umekutwa na dawa iliyokatazwa, kwahiyo kafungiwa miaka 4. Mashabiki wa Arsenal tukadhani basi, angalau mechi itarudiwa au tutapewa ushindi wa mezani. Wapi. Matokeo yalibaki vilevile na pointi 3 za Dinamo zikabaki za Dinamo. Wenger, kocha wa Arsenal, alikasirika sana, akasema sheria ya namna hiyo ni sawa na kukubali watu watumie dawa. Bahati nzuri Arsenal walifuzu siku ya mwisho kwa kumpiga Olympiacos 3-0 kwake, ila fikiria wangetolewa kwa tofauti ya pointi 3, nani angewalipa?

Mimi siku ile nilikuwa upande wa Wenger kabisa. Sasa hivi sipo huko tena, na sababu nitazieleza.

Kwanza sheria yenyewe. Kanuni za WADA, wale wasimamizi wa vita dhidi ya dawa michezoni duniani, zinasema kwenye michezo ya timu klabu inaadhibiwa pale tu wachezaji ZAIDI ya wawili wanapokutwa na makosa ndani ya shindano moja. Mmoja akikutwa ni lake. Wawili ni yao wawili. Na mchezaji hana pa kujificha, maana kanuni inasema kilichopo mwilini mwako ni chako, iwe ulimeza kwa makusudi, iwe ulipewa na daktari, iwe ulikula bila kujua. Makusudi ni miaka 4, kama hukukusudia unaanzia 2, alafu unaanza kujitetea ushuke hapo.

Hoja ya wanaotaka timu ikatwe pointi ni nzito na siidharau. Mpira unachezwa na watu 11, kama mmoja kaongezewa nguvu na dawa basi goli, krosi, mpira aliounyang'anya dakika ya 80, vyote vimeingia kwenye matokeo. Huwezi kuniambia mtu kafungiwa miaka 4 kwa kosa kubwa hivyo alafu kosa lenyewe halikugusa mechi. Wahenga walishasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Na kuna lingine linaloniuma zaidi, klabu ikijua kwamba ikikamatwa anayezama ni mchezaji tu na pointi zinabaki, inapata sababu gani ya kumchunga?

Sasa ngoja nikupeleke Machi 2016. Liverpool na Man United, 16 bora ya Europa League, Liverpool wanapita kwa jumla ya 3-1. Baada ya mechi ya Old Trafford beki wa Liverpool, Mamadou Sakho, anapimwa, jibu linakuja baya, kitu kinaitwa higenamine kutoka kwenye vidonge vya kupunguza mafuta mwilini. Kati ya kupimwa na jibu kutoka alikuwa ameshafunga kwenye ile 4-3 ya Dortmund pale Anfield, mnaikumbuka. Akasimamishwa, fainali dhidi ya Sevilla hakucheza na Liverpool wakafungwa 3-1, Euro ya nyumbani kwao Ufaransa hakwenda. Mwezi wa saba UEFA wakafuta kesi, ile kitu haikuwa wazi kwamba imekatazwa. Mwaka 2020 WADA wenyewe wakamuomba msamaha na kumlipa fidia.

Yaani kama sheria yetu ya samaki mmoja ingekuwepo, United wangepewa raundi ile, robo fainali iliyokwishachezwa ingefutwa pamoja na usiku wa 4-3, Dortmund wangecheza na timu nyingine kabisa. Kisha mwezi wa saba mnaambiwa jamaa hakuwa na kosa. Ungerudisha vipi? Majibu ya maabara yana safari ndefu, kuna sampuli A na sampuli B ya kuhakiki, kuna kusikilizwa, kuna rufaa CAS, ile mahakama ya michezo, na mashindano hayasubiri. Hata Ademi huyohuyo, CAS ilikuja kumpunguzia kutoka 4 hadi 2 na akarudi kuichezea Dinamo.

Na kuhesabu vichwa nako kuna tabu yake. Korea Kaskazini wanawake Kombe la Dunia 2011 wachezaji watano walikutwa, timu ikafungiwa Kombe la Dunia la 2015, sawa. Lakini mwaka huohuo 2011 Mexico wachezaji watano walikutwa na clenbuterol kwenye Gold Cup na ikaonekana imetokana na nyama, kule wafugaji walikuwa wanawapa ng'ombe ile dawa, wakasafishwa. Watano huku, watano kule.

Kwahiyo kwenye pointi nimeshahama, matokeo yabaki. Ila hapo ndo wengi wanaishia na mimi siishii hapo, kwa sababu klabu zinatoka kirahisi mno kwenye yale yaliyo mikononi mwao.

Angalia Man City 2017. Klabu inatakiwa kuwaambia wapimaji wachezaji watakuwa wapi, mazoezi saa ngapi, ili waje bila taarifa. City walikosea mara 3, FA, chama cha soka cha England, wakawapiga faini ya pauni 35,000. Mwanariadha akikosea mara 3 ndani ya miezi 12 ni kifungo cha hadi miaka 2, maisha yanasimama. Rio Ferdinand, beki wa Man United, alikosa kipimo kimoja tu 2003 akala miezi 8 na Euro 2004 ikampita. Pauni 35,000 kwa klabu ile ni hela ya nini?

Alafu kuna mshambuliaji Adrian Mutu. Chelsea walimnunua Parma 2003, 2004 akakutwa na kokeni, akafungiwa miezi 7 na klabu ikamfukuza. Hilo la kufukuzwa sina ugomvi nalo. Ila Chelsea wakamdai hasara ya usajili, FIFA ikasema alipe zaidi ya euro milioni 17, CAS ikaunga mkono 2009. Mtu alitumia dawa za kulevya, si za kuongeza nguvu ya kushinda mechi, anadaiwa hela ambayo wengi wetu hatuwezi hata kuiandika bila kuhesabu sifuri.

Kwa haki niseme kuna klabu zinaumia kweli. Kipa wa Ajax, Onana, alimeza dawa ya mkewe nyumbani akidhani ni yake, furosemide, dawa ya kukojoza iliyokatazwa, UEFA wakampa miezi 12, CAS ikashusha hadi 9. Ajax walisimama naye, wakakaa bila kipa wao namba moja, na 2022 akaondoka bure kwenda Inter. Mwaka mmoja tu baadae Inter wakamuuza United kwa zaidi ya euro milioni 50, Ajax wakabaki wanaangalia.

Kosa kama la Onana ni rahisi kuliko tunavyodhani. Huku kwetu ukibanwa na kifua unaenda duka la dawa, unajieleza dirishani, unafungiwa vidonge kwenye kikaratasi, unameza. Mchezaji haruhusiwi kuishi hivyo, kila kidonge lazima kipite kwa daktari wa timu. Akimaliza mechi amekauka jasho lote, anaitwa jina, anafuatwa na msimamizi hadi chooni, anatakiwa atoe mililita 90 mbele ya macho ya mtu, zisipotimia anakunywa maji anasubiri, wenzake washapanda basi. Yule daktari aliyempa kidonge naye yupo kwenye basi.

Pogba, kiungo wa Juventus, alipofungiwa miaka 4 kabla CAS haijashusha hadi miezi 18, alijieleza mwenyewe kuhusu virutubisho alivyoandikiwa na daktari wa Florida, na ikafika Novemba 2024 Juventus wakavunja naye mkataba. Ninachotaka mimi ni kwamba kesi ikifunguliwa klabu iitwe siku ya kwanza, ije na daftari la dawa: mlimuuliza anatumia nini, mlimuuliza lini, nani aliandika. Daftari likiwa tupu, faini isiwe pauni 35,000, iwe asilimia ya mapato ya shindano lile, na sehemu yake iende kwa timu zilizocheza naye kwenye kundi.