Deni la Serikali, Simu ya Kampuni

Wasomaji wa Injili wanamkumbuka Zakayo, mtoza ushuru aliyepanda mkuyu. Watu walimchukia kwa kuwa kazi ya kutoza ilikuwa imekabidhiwa watu binafsi, na cha ziada walichokamua kilibaki mifukoni mwao. Marekani haijarudi huko. Lakini tangu Aprili 2017 idara yake ya mapato, IRS, inazigawia kampuni binafsi mafaili ya wadaiwa sugu wa kodi, na kuzilipa kamisheni ya hadi asilimia 25 ya fedha zinazopatikana.

IRS haikujiamulia. Iliamriwa na Bunge mwaka 2015, ndani ya sheria ya barabara na usafirishaji (naam, ya barabara: wabunge walikuwa wanasaka fedha za kuigharimia). Mpango wa namna hii ulikuwa umejaribiwa mara mbili, 1996 na 2006, ukaachwa mara zote mbili.

Hoja ya watetezi ina uzito. Kwa kawaida serikali ina miaka 10 ya kudai kodi tangu ilipokadiriwa, kisha deni linakufa. IRS haina watumishi wa kutosha, na faili ambalo halina wa kulishughulikia linasubiri tu siku zake ziishe. Kumpa mtu wa nje faili hilo, alipwe pale tu anapofanikiwa, kunaonekana biashara isiyo na hasara. Tena sheria inairuhusu IRS kubakiza hadi asilimia 25 nyingine ya makusanyo hayo ili iajiri watumishi wake wa kufuatilia madeni.

Wala kampuni hizi hazina rungu. Haziwezi kukamata mshahara, kufunga akaunti ya benki wala kuweka zuio kwenye nyumba. Mamlaka hayo yamebaki IRS. Kwanza mdaiwa hupata barua ya IRS yenye jina la kampuni na namba ya utambulisho, kisha barua ya kampuni yenyewe. Simu inapoingia, mpigaji anamwomba ataje tarakimu 5 za mwanzo za namba ile, naye mpigaji anajibu kwa 5 zinazofuata. Hundi inaandikwa kwa jina la Hazina ya Marekani, si la kampuni. Utaratibu mzuri, ila unamtaka mtu awe ameitunza barua. Na kwa miaka mingi Wamarekani walihubiriwa kwamba anayepiga simu kudai kodi ni tapeli. Matapeli hawakuacha kupiga, na sasa kati yao wamo wapigaji halali.

Lakini tatizo ninaloliona mimi liko kwenye kamisheni. Mtumishi wa IRS anapozungumza na mdaiwa aliyeishiwa, anaweza kusimamisha ufuatiliaji kwa sababu ya hali yake ngumu, au kumfungulia njia ya kulipa pungufu na deni likafutwa. Wa kampuni hana mamlaka hayo. Anachoweza ni kupokea malipo au kupanga awamu, na awamu ndiyo inayomlipa. Jibu sahihi likiwa "wewe hupaswi kulipa kwa sasa", yeye hapati kitu. Nina Olson, aliyekuwa mtetezi wa walipakodi ndani ya IRS hadi 2019, alilalamika miaka nenda rudi kwamba wengi waliokuwa wakilipa walikuwa watu wasiomudu hata mahitaji yao.

Bunge lilimsikia, kwa kiasi. Sheria ya Julai 2019 iliwaondoa kwenye mpango wenye kipato kisichozidi mara mbili ya kiwango cha umaskini, pamoja na wanaotegemea mafao ya ulemavu. Hilo liliziba tundu kubwa, na anayeupinga mpango leo kwa hoja za 2018 hautendei haki. Hata hivyo, kipato hicho husomwa kwenye kumbukumbu, hasa ritani ya mwisho (taarifa ya kipato ambayo mlipakodi huiwasilisha kila mwaka). Aliyeachishwa kazi mwezi uliopita bado anaonekana na mshahara wa mwaka jana. Na hesabu iliyoanza mwaka 2015 bado iko pale: IRS ingepewa watumishi moja kwa moja, ile robo ya kamisheni isingetoka.

Asiyetaka kuzungumza na kampuni ana haki ya kukataa. Anaiandikia barua, nayo inalazimika kulirudisha faili IRS, kwenye foleni ileile ambako lilikuwa limekaa bila wa kulishughulikia.